Nilisema Toroli Nilisukuma Mimi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ikishapita hiyo usijisumbue kujibu.

Mimi ni kibarua wa ujenzi, nabeba zege na mchanga. Shule niliishia darasa la nne, mwandiko univumilie. Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Nina binti mmoja, ana miaka ishirini na mmoja, anashona kwa fundi cherehani. Tunaishi wawili, vyumba viwili.

Mtaani kwetu walikuja watu wa sanaa. Wamepanga ghala la zamani. Wakasema hawakuja kutuonyesha kazi yao, kazi tutafanya sisi, kila nyumba ilete kitu kimoja na kisa chake. Kisa kinarekodiwa, mchoraji anakichora kwenye ukuta wa ghala, kinamama wanakitungia wimbo, vijana wanakiigiza. Watu wakapeleka. Muuza mkaa alipeleka meno ya bandia ya marehemu baba yake, tukacheka siku mbili. Mimi nikapeleka toroli.

Nilisema ukweli. Nikasema siku mke wangu alipozidiwa hakukuwa na gari, akapelekwa hospitali kwa toroli hili, akafika, akafia mapokezi. Dada anayerekodi akafuta macho, akaniuliza, "Na aliyesukuma ni nani, mzee wangu?"

Nikasema, "Mimi."

Ni hilo tu. Neno moja.

Mshauri, sikusukuma mimi. Alisukuma binti yangu. Mimi nilikuwa saiti tunamwaga zege la dari na simu ilikuwa kwenye koti na koti kwenye msumari, binti akapiga hakunipata, akampigia nyapara, nyapara akaja akaniambia mkeo amezidiwa, nikamwambia tumalize upande huu kwanza, maana zege halilali na ukiacha mstari wa ndoo kesho hupangwi kazi, tukamaliza upande ule tukaanza wa pili, nikafika hospitali saa kumi na moja na mke wangu alikuwa amefariki saa nane. Binti nilimkuta nje, amekaa kwenye toroli. Tairi halikuwa na upepo. Viganja vyote malengelenge. Nikamwambia apake mafuta. Basi. Habari hiyo hatujaiongea tena.

Sasa niko ukutani, mkubwa kuliko mlango. Mchoraji amenipa mabega ambayo sina, na tairi amelijaza upepo. Watoto wananiita Baba Toroli. Wazee wakinikuta dukani wananishika mkono, "Wewe ndiye mwanamume." Kinamama wimbo wanauimba hata wakifua. Binti yangu hayumo. Hata pembeni hayumo. Siku alipouona ule ukuta alisimama kidogo, akasema, "Baba, umetoka vizuri." Akaenda kazini. Tangu hapo ananipakulia chakula, anaitikia salamu, mwisho.

Jumamosi hiyo ya mwisho wa mwezi ndiyo ya kufunga kazi yao. Wanataka niigize mwenyewe, nisukume kutoka nyumbani mpaka geti la hospitali, mtaa mzima nyuma yangu. Tulikuwa wote ghalani walipouliza nani atalala kwenye toroli kama mke wangu. Binti akanyoosha mkono. Mwalimu wa maigizo akamwambia, "Hapana mwanangu, utaumia." Akajibu, "Nitalala mimi. Njia naijua kuliko yeye." Watu wakadhani utani, wakacheka. Mimi sikucheka.

Nimemwambia rafiki yangu mmoja tu, fundi mwashi. Akasema, "Funga mdomo, wewe. Rangi imeshakauka. Ukisema sasa unaharibu kazi ya watu mia mbili."

Nifanye nini? Niseme siku hiyo mbele ya watu, au ninyamaze, au nisafiri?

Ni mimi, mgane.

* * *

Mgane,

Pole kwa msiba. Miaka mitatu si mingi. Pole nimemaliza, sasa tuongee.

Usisafiri. Ulishakosekana siku moja, inatosha.

Unasema ni neno moja. Neno hilo limechorwa, limeimbwa, limefanyiwa mazoezi, na kila mtu mtaani kwenu ametia mkono wake humo isipokuwa yule mwenye malengelenge. Sidhani ulilisema kwa kutaka sifa. Nadhani toroli hilo umelisukuma kichwani kila siku tangu mkeo azikwe, na ulipoulizwa mdomo ukajibu wenyewe. Nakuelewa. Ila usijifiche humo. Majuto ni yako, kusukuma ni kwake.

Habari ya ndoo naijua. Anayekucheka kwa hilo hajawahi kuamka asipangwe kazi. Hata hivyo uliambiwa, ukasema tumalize kwanza. Na binti anajua kwamba uliambiwa, kwa sababu aliyempigia nyapara ni yeye. Miaka mitatu anajua, na bado anakupakulia. Wewe unahangaika na ukuta!

Huyo mwashi wako ni rafiki wa kuta, si rafiki wa watu. Rangi hupakwa juu ya rangi. Wenye ghala walisema wenyewe kazi ni ya mtaa, basi mtaa utairekebisha.

Wala usingoje Jumamosi ukasimame mbele ya umati ukalia. Watakupigia makofi kwa ushujaa wa kukiri, na binti atabaki amelala kwenye toroli anakutazama ukishangiliwa mara ya pili.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umenieleza koti lilining'inia wapi. Umenieleza mabega ya kwenye picha. Hakuna mahali uliposema mkeo aliongea nini njiani. Hujui, sivyo? Hujawahi kuuliza. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyeyasikia maneno yale, mnakula naye chumba kimoja, na wewe ulimwambia apake mafuta.

Leo ukitoka kazini, oga. Akishapakua, kabla hujagusa tonge, mwambie hivi: "Mwanangu, nilidanganya. Ulisukuma wewe. Nyapara aliniambia, na sikuja." Sentensi tatu, darasa la nne linatosha. Usiongeze "lakini". Mambo ya zege yaache saiti. Halafu muulize mama yake alisema nini njiani, na ufunge mdomo kweli. Akilia, kaa. Akikufokea, kaa. Akitoka nje, chakula kipoe, wewe kaa hapo hapo mpaka arudi.

Kesho nendeni ghalani wawili kama atakubali, peke yako kama hataki, umwambie yule dada wa kurekodi kwamba lile "mimi" lifutwe. Picha, wimbo na hiyo Jumamosi, aamue binti. Akitaka achorwe, achorwe. Akitaka ukuta upakwe chokaa, brashi ushike wewe. Akisema usukume, sukuma. Na akisema njia ile hataipita tena, wewe ndiye utakayesimama mlangoni kuwaambia watu mia mbili warudi makwao. Watakaonuna, wakununie wewe. Yeye usimtaje.