Simu Ilikatika Wageni Wakiwa Wamekaa

Chipata, Zambia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Shikamoo ya pili ni ya Baba mkubwa, maana najua yupo hapo ameegemea ukuta, anasikiliza huku akijifanya hasikilizi. Mmeamkaje hapo nyumbani? Mguu wako unaendeleaje, ule unaovimba ukikaa sana jikoni? Na mvua je, imewafikia Mtinko au imeishia tena kwa wenzetu? Alizeti zimeota zote au mmerudishia mbegu? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi. Roho ndiyo haijatulia, na utaona sababu.

Veronika, najua wewe ndiye unayesoma, mdogo wangu. Soma polepole, wala usiruke mahali utakapoona haya.

Nianze na kazi. Ile mashine ya kukamua alizeti niliyokuja kuifunga sasa inakamua vizuri. Watu wa huku wanalima alizeti kama sisi, lakini mafundi wa mashine hizi ni wachache, ndiyo maana tajiri mwenye mashine aliulizia fundi mpaka Singida. Nilikuja kwa mashine moja. Akapenda kazi, akaleta ya pili, halafu rafiki yake naye akataka yake. Safari niliyokuaga kwamba ni ya msimu mmoja imevuka msimu, na wewe hujanilalamikia hata siku moja. Ungelalamika ningeumia kidogo kuliko hivi ulivyonyamaza.

Umeme huku una tabia zake. Ukija tunakimbilia mashine, ukiondoka tunakaa kivulini na kutaniana. Msimamizi wetu ni mzee mmoja anaitwa Phiri, mtu wa maneno sana. Anasema Mtanzania akimaliza kusalimia, chai imeshapoa. Chakula si kigeni, ugali wao ni kama wetu wa mahindi, ila nimetafuta mlenda wa kule kwetu nimekosa. Nikirudi nipikieni mlenda na ugali wa uwele kabla hamjaniuliza habari yoyote.

Sasa niingie kwenye lile jambo. Najua kilichosemwa hapo nyumbani. Kimesemwa kwamba Yohana amemkatia simu Baba mkubwa mbele ya wageni wa Itigi, kwamba ameikataa posa ya mdogo wake kwa kunyamaza, kwa kiburi cha mtu aliyeonja nchi ya watu. Mama, sikukata. Nilikatiwa. Naomba nieleze yote tangu mwanzo, kwa sababu ndoa ya Veronika iko hapo katikati, na sitaki ivunjike kwa kosa la laini ya simu.

Unajua niliondoka na laini yangu ile ile ya nyumbani. Nilifanya makusudi. Namba hiyo ndiyo Veronika aliyokuwekea kwenye kile kisimu chako cha kitochi, ukikandamiza mbili inaniita mimi, na sikutaka siku moja ukandamize halafu nisipatikane. Laini yetu ikivuka mpaka inatumia mnara wa wenyeji, na kutumia huko wanakuita romingi. Gharama yake si ya kawaida. Kwetu anayepiga ndiye anayelipa, anayepokea anasikiliza tu. Kwenye romingi hata anayepokea analipa, kila dakika.

Nawe ulikuwa unajivunia kwamba unatumia salio lako ili mimi nisiumie! Ukishanisalimia unampa simu mama Sungi, mama Sungi anampa katekista aliyepita kuomba maji, katekista anampa mjukuu wa jirani ambaye hata kusema hajui, namsikia anapumua tu. Nami huku nalipia kupumua kwake. Usione haya, Mama, sikulaumu. Sikukwambia kwa sababu nakujua: ungeacha kupiga kabisa. Nilizihitaji zile sauti. Kuna siku nilikuwa sijaongea Kiswahili na mtu tangu asubuhi, ukapiga, nikasikia jogoo wako kwa nyuma, nikafurahi mpaka Phiri akaniuliza kama nimepata mtoto.

Baadaye nikajiunga na kifurushi cha romingi kilichotangazwa kwamba unapokea simu bila kikomo. Nikaamini. Lakini chini yake kulikuwa na yale maneno madogo, vigezo na masharti kuzingatiwa, ambayo sisi sote tunayaruka. Masharti yenyewe, kwa nilivyokuja kuyaelewa, ni kwamba kifurushi kile ni cha msafiri. Mtu anakwenda, anamaliza shughuli zake, anarudi. Kampuni inaangalia laini inashinda wapi. Ikiona miezi inapita na laini inashinda ugenini kuliko nyumbani, inasema huyu amevuka matumizi ya haki, wanaita hivyo, basi inamwondoa kwenye kifurushi na kuanza kumtoza bei kamili. Salio likiisha simu inakatika, uwe unaongea na nani. Walinitumia ujumbe wa kunionya. Ulikuja siku tumeifungua mashine yote, mikono ina grisi mpaka viwikoni. Nikasema nitausoma jioni, na jioni nikasahau.

Ikafika Jumamosi ya wageni. Barua yao ya posa mlikuwa mmeshaisoma, limebaki neno langu. Tangu Baba afariki, ukoo ulisema wazi kwamba mtoto wa kwanza wa nyumba yetu lazima aulizwe, na ajibu kwa mdomo wake wageni wakisikia. Nilikuwa tayari tangu asubuhi. Niliomba ruhusa kwa mzee Phiri, nikanawa, nikavaa shati safi, ingawa nilijua shati halionekani kwenye simu. Mkapiga, mkaweka sauti ya nje, mkaiweka simu juu ya kigoda katikati ya watu.

Baba mkubwa akaanza. Nikamwamkia, akaitika. Akauliza habari za kazi, akauliza kama nchi ina amani. Akanipa habari za ng'ombe, kwamba yule mwekundu amezaa na ndama ni jike. Akanipa habari za mvua. Akamkaribisha katekista atuombee, naye akaomba, akawaombea mpaka madereva walioko barabarani. Ndipo wageni wakatambulishwa, na kila aliyetajwa nikamwamkia: baba yake Daudi, huyo anayemposa Veronika, mama yake, shangazi yake, na yule jirani yao aliyewasindikiza, aliyetaka kujua kama huku Zambia watu wanafuga nyuki na wanatumia mizinga ya aina gani. Nikamweleza.

Muda huo wote simu inanililia sikioni, tii, tii, salio linakwisha. Sasa nimwambie nini Baba mkubwa? Nimwambie fanya haraka? Mbele ya wageni? Umenilea wewe mwenyewe, Mama. Mkubwa akiwa anazungumza, mimi nangoja amalize. Phiri ananionyesha saa yake ya mkononi, ananikodolea macho, nami namwashiria anyamaze asije akasikika.

Mwishowe Baba mkubwa akakohoa, nikajua tumefika. Akasema, "Yohana, mwanangu. Hawa watu wametoka mbali, wameomba binti. Baba yako hayupo, aliyebaki ni wewe. Unasemaje?"

Nilijibu, Mama. Nilisema, "Baba mkubwa, nimekubali, Mungu awabariki," kwa sauti kubwa ili wazee wasikie vizuri. Nikangoja vigelegele. Sikusikia kitu. Nikarudia. Kisha nikaitoa simu sikioni, nikaona imeshakatika. Walionisikia nikikubali ndoa ya mdogo wangu ni mzee Phiri na vijana wanaopakia mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, na hakuna hata mmoja wao anayejua Kiswahili.

Kwenu kilichofika ni kimya. Mlipopiga tena mkamsikia yule dada wa mtandao akisema namba haipatikani. Naambiwa baba yake Daudi alisimama bila kumaliza chai yake, na dumu la asali walilokuja nalo wakalirudisha kwenye gari. Hapo ndipo kila mtu akakumbuka kwamba mwaka jana mimi nilisema Veronika asubiri. Ni kweli nilisema, tena mbele yenu wote: amalize chuo kwanza. Amemaliza. Sina neno lingine nililolificha.

Nilitafuta intaneti dukani nikawasiliana na watu wa kampuni. Kijana aliyenihudumia alikuwa mpole. "Kaka," akaniambia, "mfumo unaonyesha laini yako haijasoma mnara wa nyumbani muda mrefu. Hii huduma ni ya wasafiri. Wewe hapa unasomeka kama mkazi wa huko."

Nikamwambia mimi si mkazi wa huku, kwetu ni Mtinko.

"Nakuelewa kaka, ila mfumo ndivyo unavyosoma."

Sikugombana naye, yeye naye yuko kazini. Na sharti lao nalielewa, mnara ni wa watu, hawawezi kuniachia mwaka mzima kwa bei ya mpita njia. Lakini neno lile liliniuma, sikufichi. Nilikaa juu ya gunia la alizeti nikalia. Nililia kwa sababu nilijua saa ile ile na nyumbani kuna mtu anasema hivyo hivyo, kwamba huyu si wetu tena, amehamia.

Kesho yake nikanunua laini ya huku nikawapigia. Wewe uliniamini hata kabla sijamaliza kueleza. Veronika alikuwa ameniandikia ujumbe, "Kaka, kama hukumtaka ungesema tu," na ujumbe huo ninao mpaka leo nimeshindwa kuufuta. Tulipoongea alinielewa. Baba mkubwa ndiye aliyekataa kushika simu. Nilimsikia kwa nyuma akisema, "Hiyo namba mimi siijui. Watu wametuletea barua, tutawajibu kwa barua. Aandike kwa mkono wake. Mwandiko wake naujua, nilimfundisha mimi."

Amesema kweli, alinifundisha yeye, kwa kijiti, pale uwanjani tunapopepeta mtama. Ndiyo maana naandika. Veronika ameniambia wazee wa Itigi wamekubali kurudi mara moja tu, wakikuta hakuna jibu watatafuta mchumba kwingine, na Daudi hataweza kubishana na baba yake. Barua nampa dereva mmoja mtu wa Iguguno, anapeleka mzigo Mwanza. Atapita Singida mjini na kuiacha dukani kwa mama mdogo, naye aipandishe gari la Mtinko siku hiyo hiyo. Msiwaite wageni kabla haijafika mikononi mwenu.

Kuhusu simu, Mama, tufanye hivi. Veronika afute ile namba yangu ya zamani kwenye mbili, aweke hii mpya. Hii usiipigie ukaongea, kutoka huko itakula salio lako lote kabla hujaniuliza nimekula nini. Ukinihitaji nibipu tu, mimi nitapiga kutoka huku, na Jumapili baada ya misa nitapiga bila kubipiwa. Mama Sungi na wengine wote wasimame karibu, wasalimie kama zamani. Sharti hilo naliweka mimi.

Na msimu huu ukiisha narudi. Nimeshamwambia tajiri, na Phiri nimemfundisha kuifungua mashine na kuifunga mwenyewe. Analalamika, lakini anaweza.

Hapa naomba Veronika umpe karatasi Baba mkubwa, asome yeye kwa sauti, wageni wakiwa wamekaa.

Baba mkubwa, shikamoo. Wazee wangu wa Itigi, shikamooni. Mimi Yohana, mtoto wa kwanza wa nyumba hii, naandika kwa mkono wangu na kwa akili zangu. Jumamosi ile sikuwadharau. Simu ilikatika wakati nawajibu, na kama mliona aibu mbele ya jirani yenu mliyekuja naye, naomba radhi kwa aibu hiyo. Mlituomba binti, na mimi niliulizwa ninasemaje. Nasema nimekubali. Nimekubali kwa moyo mweupe, bila kinyongo na bila sharti, na siku mtakayoipanga ninyi na Baba mkubwa ndiyo siku yangu. Kama nitakuwa bado huku, msinisubiri. Baba mkubwa asimame mahali pangu, na mahali pa Baba.

Sasa salamu. Msalimieni mama Sungi, jirani yetu mwenye moyo. Msalimieni katekista, mwambieni dua yake ya madereva ianze na huyu aliyebeba barua. Mama mdogo wa mjini asante yake ataipata kwangu mwenyewe. Veronika, pole kwa siku zote ulizolia kwa ajili yangu. Ulipokuwa mdogo nilikubeba mgongoni kwenda kliniki Mama alipokuwa shambani, nisingeweza kukukatia simu siku kama ile.

Na Daudi, wewe nisikupe salamu kupitia kwa mtu. Hapa Baba mkubwa akuonyeshe karatasi usome mwenyewe: Shemeji yangu Daudi, hujambo?

Mimi mwanao, Mama,
Yohana