Baba, Shahada Yangu Ilipopata Kazi

Baba yangu mpenzi,

Leo asubuhi nimepita mtaa wa Ng'ambo, mbele ya kibanda chako cha kutengenezea saa, nikakumbuka siku niliyokwambia sitaki kusomea ukunga. Uliweka koleo chini, ukaniuliza kwa upole, "Historia na fasihi zitakupa kazi gani, Mwanaasha?" Hata hivyo uliniruhusu kwenda kuzisomea Uganda.

Nilirudi na shahada, nikakaa nyumbani miezi mingi. Majirani walipokuuliza binti yako anafanya nini, ulijibu, "Anapumzika." Nilikuwa nikikusikia nikiwa nyuma ya pazia, na roho iliniuma kwa ajili yako kuliko kwa ajili yangu.

Hatimaye nilichukuliwa mahakamani kwa majaribio, nimsaidie mkalimani, mwanamume, kwa kuwa wanawake wengi waliona haya kusema naye. Siku uliyoniletea chakula ukakaa benchi la nyuma, ilikuwa kesi ya Bi Mize, mjane kutoka kisiwa cha Tumbatu. Shemeji yake alidai kwamba mama huyo alimpa nyumba.

Bi Mize alisema, "Nilimwachia."

Mkalimani akamweleza hakimu Mzungu, kwa Kiingereza, kuwa mama amekiri kuitoa nyumba. Hakimu akaanza kuandika.

Uliniona nikisimama. Hukuona jinsi mkalimani alivyonikazia macho. Niliomba ruhusa nimuulize mama swali moja.

"Bi Mize, ulimwachia iwe yake, au akutunzie?"

"Anitunzie, mwanangu. Nilikuwa nnakwenda kumuuguza dada yangu. Nyumba ya wanangu nitaitoaje?"

Hakimu akafuta alichoandika. Mashahidi wakaitwa, na mwishowe nyumba ikabaki kwa Bi Mize. Nami nikathibitishwa kazini.

Jioni ile tulirudi pamoja kwa miguu. Ukaniuliza, "Hayo ndiyo mliyokuwa mkisoma kule?"

"Ndiyo, Baba. Tulisoma maneno ya watu, tukauliza walikusudia nini."

Tukakaribia nyumbani. "Mimi nilidhani mnasoma hadithi tu," ukasema, ukacheka kidogo, ukanishika bega mbele za watu, jambo usilokuwa na mazoea nalo.

Nnajifunza kuishi bila wewe, polepole. Shahada haikunitajirisha, lakini imenipa kazi ninayoiamkia kwa hamu, na zipo siku natoka mahakamani nina kisa cha kukusimulia, nikakumbuka hupo.

Juzi mdogo wangu Zuhura alipanda meli ya Mombasa, ili huko apande gari moshi hadi Uganda. Anakwenda kusoma historia. Mama alisitasita, tukazungumza taratibu, akaridhika. Pale bandarini Zuhura aliinama, akanibusu mkono kama mzazi wake. Nilimpa mkono wangu, Baba, kwa kuwa wako haukuwepo.

Pumzika salama. Mama nipo naye, na kila Ijumaa tunakusomea Yasini.

Bintiyo mkubwa,
Mwanaasha