Paa Letu ni la Bati

2 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, na hiyo cherehani yako? Sisi wazima, ila magoti ya mama yameanza fitina zake kabla hata ya masika.

Ofisini tumemaliza kuhesabu waliopigwa na kujeruhiwa, mkoa kwa mkoa. Mkoa wenu umetoka wa mwisho nchi nzima. Mkubwa wangu kafurahi mpaka akatununulia soda. Nikamwambia mama kuwa dada kaolewa kwenye amani, akalala usingizi wa pono.

Mwezi ujao narudi kuhoji nyumba kwa nyumba. Swali lenyewe ni hili: katika mwaka uliopita, kuna mtu amekupiga, kukukaba au kukujeruhi? Mwanamke tunamuuliza akiwa peke yake. Mtu akiingia ghafla, tunarukia maswali ya kuzugia: paa lenu la nini, maji mnateka wapi. Ungecheka ukituona tunavyogeuka.

Shemeji msalimie. Na mbona kimya tangu mwaka jana?

Mdogo wako

19 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba. Mimi mzima wa kushika kalamu tu. Barua yako niliikuta kwenye koti la shemeji yako nikifua, alikuwa hajaifungua. Usitumie tena sanduku la dukani kwake. Pitishia kwa jirani yangu muuza mkaa, atanipa juu ya ukuta.

Hizo hesabu zenu nami nimezichangia. Mwenzenu alikuja mwaka jana, msichana mpole. Mume wangu akamkaribisha chai, akakaa kwenye mkono wa kochi, hakutoka. Msichana alikuwa na haraka zake, akauliza hivyo hivyo. Nikasema hapana, huku nimekumbatia mto, na ubavu umevunjika. Muuza mkaa naye alisema hapana, huku mumewe yuko mlangoni. Ndiyo amani yetu hiyo.

Namwogopa, Kasuku. Kitambulisho changu kakificha, na geti anafunga akienda dukani. Juzi kaniambia, tena kwa sauti ya chini kabisa, kwamba nikiondoka atanifuata mpaka kwa mama, na hatakuja kuongea. Mama asijue.

Dada yako

27 Februari

Dada,

Shikamoo. Leo hali sikuulizi, naogopa jibu. Nimelia chooni ofisini mpaka mfagiaji akanigongea. Mkubwa nimemwambia namba zetu za uongo, kasema nilete ushahidi, siyo dada. Ushahidi ni wewe, na mimi nakutaka ukiwa hai.

Niambie siku anayofuata mzigo wa duka, nije nikuchukue. Na akigundua, usibishane naye. Niandikie habari za paa na maji, kama tunavyofanya kazini. Nitajua kasimama nyuma yako.

Mama nimemwambia, na mjomba pia, maana yeye ni askari na sisi tunajua kulia tu. Nisamehe.

Mdogo wako

8 Machi

Mpendwa ndugu,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo. Paa letu ni la bati, ni zima kabisa. Maji yapo, ya bomba, hapo uani. Mume wangu ananitunza vizuri. Hatuhitaji wageni kwa sasa. Barua tuma kwa sanduku la dukani, muuza mkaa amehama.

Dada yako

11 Machi

Dada na Shemeji,

Shikamooni. Tumefurahi sana kusikia paa ni zima. Mama nimemsomea mara mbili. Mjomba naye kaipenda hiyo habari ya maji, kasema si wengi wenye bahati kama yenu.

Kazi imenibana, mwaka huu sitaweza kuja. Shemeji, asante kwa matunzo.

Mdogo wenu

2 Aprili

Kasuku wangu,

Hujambo huko unakohoji? Tangu wewe na mjomba mliponitoa kule na kuniteremsha hapa kwa mama, magoti ya mama yamesahau kuuma, anafagia hata pasipo na taka. Kidole gumba nilichovunjwa kinaunga polepole, ndiyo maana mwandiko unayumba. Mjomba analala sebuleni, anakoroma, nami nashukuru kila mkoromo.

Muuza mkaa sijui yuko wapi. Mtafuteni, nakuomba. Aliponzwa na barua zangu: ya kwako nilishaichoma, ila jibu langu mume wangu alilinasa.

Yule mliyemtia ndani kapata dhamana juzi. Jana pikipiki ilizimwa chini ya dirisha, nikajibana nyuma ya mlango na mkasi wa kushonea. Kumbe muuza mikate. Naogopa, mdogo wangu, na sidhani nitaacha leo wala kesho.

Najua sheria yenu, ndugu hamhoji ndugu. Basi mtume yule msichana mpole. Mwambie paa la mama ni la bati bovu, linavuja juu ya kitanda changu, na maji tunateka kwa jirani. Hayo aandike mwisho. Aanze na lile swali lingine, aniulize kwa sauti. Nitasema ndiyo.

Dada yako