Chatu wa Ghorofa ya Nne

Rouen, 14 Novemba 2011
Mwaka wa thelathini na tano tangu niondoke

Mdogo wangu Agossi,

Pokea salamu za kaka yako. Goti la kushoto linalalamika kila nikipanda ngazi, lakini kwingine mzima. Presha yako imeshuka? Chumvi umeacha, au unaniambia tu?

Nina mgeni. Gaël, dereva wa malori wa mlango wa pili, alipata kazi mbali. Siku ya kuondoka aligonga akiwa amebeba sanduku la kioo. Ndani amejikunja chatu.

"Mzee Dossou, huyu ni wa kwenu. Wiki mbili tu."

Wiki mbili sasa ni miezi mitatu na simu yake haipatikani. Nilidhani anatania kusema "wa kwenu", kumbe karatasi za kununulia zinaeleza kwamba alitolewa Benin akiwa mdogo kama kalamu. Ni Dangbé, Agossi, chatu mtakatifu wa kwetu. Ana yale madoa ya kahawia tuliyokuwa tukiyaona juu ya ukuta wa mama. Nilipobaki naye peke yangu nilipiga magoti, goti bovu na zima, nikamwamkia "Baba", kama tulivyofunzwa.

Gaël amebandika maagizo kwenye kioo. Upande mmoja wa sanduku uwe nyuzi thelathini na mbili, upande wa pili ishirini na sita, ili mwenyewe achague. Usiku pasishuke chini ya ishirini na nne. Chini ya sanduku kuna mkeka wa umeme, na kidude cha kuuzima ukizidi. Nimeweka vipimajoto viwili, nasoma asubuhi na jioni, naandika. Miaka ishirini na sita nimeshona vitabu vya maktaba ya watu. Sasa nina daftari langu.

Chumba changu mwenyewe kiko nyuzi kumi na saba.

Kaka yako,
Dossou

Ouidah, 5 Desemba 2011

Kaka Dossou,

Shikamoo. Presha inapanda na kushuka kama mimi na ngazi za kanisani. Chumvi nimepunguza, usiniulize tena. Upepo wa harmatani umeanza, vumbi mpaka kwenye sahani.

Barua yako niliisoma nikacheka, nikaisoma tena nikaudhika. Umemfunga Baba kwenye kioo? Wewe, mtoto wa nyumba hii? Hapa akiingia chumbani mwa mtu, mtu anamwamkia, anamwachia njia, au anambeba kwa heshima kumrudisha kwake. Jumanne nimemkuta kwenye kapu la nguo. Nilimwomba radhi kwa kumwamsha. Jirani yangu Zinhoué nilipomsimulia habari zako alishika kiuno: "Kaka yako anaishi na Baba Ulaya? Nani alimlipia ndege?" Kisha akaacha kucheka. "Na kufuli pia ameweka?"

Nimeona haya, Kaka.

Njoo naye. Ndilo neno langu. Serikali uliyoikimbia imeondoka zamani, na wale waliokuja kukutafuta shuleni ulikofundisha wengi tumeshawazika. Chumba chako kipo. Nataka kukipaka rangi, sema rangi gani. Wazee husema aliyezika ndiye mwenye nyumba, na baba yetu nilimzika mimi, mwaka themanini na tatu, bila wewe. Silaumu. Nasema tu kwamba nyumba ni yangu, na mimi nakupa. Nimechoka kuilinda peke yangu.

Mdogo wako,
Agossi

Rouen, 8 Januari 2012

Agossi,

Heri ya mwaka. Nimeyasikia ya presha na ya kanisa. Goti ni lilelile.

Umesema kweli. Siku barua yako ilipofika niliuondoa mlango wa sanduku. Mkeka wa umeme bado unawaka, anayetaka joto analipata, lakini hakuna anayemzuia. Msimu huu hauna baridi kali, mvua tu. Anatoka jioni, anazunguka rafu ya vitabu, asubuhi namkuta amerudi mwenyewe kwenye nyuzi zake thelathini na mbili. Daktari wa wanyama anasema vibali vya kusafiri naye vinapatikana mtu akiwa na subira. Subira ninayo tele. Nimeuliza bei za ndege za Julai.

Nimeteremsha sanduku la safari kutoka juu ya kabati. Ni lile la mwaka sabini na sita, la kadibodi. Ndani nimekuta chaki.

Rangi: nyeupe. Chokaa inatosha.

Kaka yako,
Dossou

Ouidah, 6 Februari 2012

Kaka Dossou,

Shikamoo. Sina nafasi ya salamu ndefu, na simu haishiki. Redio inasema Ulaya imeganda, watu wanakufa njiani, mito imekuwa mawe. FUNGA SANDUKU.

Nilikwenda kumuuliza mzee anayetunza nyumba ya Dangbé. Nilieleza yote, na kioo, na maneno yangu kwako. Alinitazama akaniuliza: "Agossi, wewe si ulikuwa mkunga?" Nikasema ndiyo. "Mtoto njiti ulikuwa unamweka wapi?" Kwenye sanduku la joto. "Ulikuwa unamfunga gerezani?"

Nilitaka ardhi inimeze. Miaka thelathini nimelinda joto la watoto wa watu, leo nakushauri vibaya kwa kuwaonea haya majirani.

Kama ameshapata baridi, usimpashe kwa pupa. Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, polepole. Usimweke karibu na moto.

Chumba kimeshapakwa chokaa.

Agossi

Ouidah, 29 Februari 2012

Kaka,

Hujajibu. Simu inaita tu. Nakuuliza wewe, simuulizi yeye: u mzima?

Mdogo wako

Rouen, 19 Machi 2012

Mdogo wangu Agossi,

Mimi ni mzima. Nisamehe kwa kunyamaza. Kila nilipoanza, kalamu ilikuwa nzito.

Barua yako ya kufunga sanduku ilifika tarehe kumi na tano. Baridi ilifika tarehe tatu. Asubuhi ya tarehe tano sikumkuta kwenye joto lake. Nilihamisha vitabu vyote sakafuni. Alikuwa jikoni, chini ya sinki, amejizungusha kwenye bomba la maji baridi. Kipimajoto nilichokipeleka pale kilisoma tisa.

Nilimweka kifuani, chini ya sweta. Hukuwa umeniambia bado, lakini mama yetu alifanya hivyo na wewe ulipozaliwa, nilikuwepo. Baada ya muda wa saa nne alisogea. Nilirudisha mlango. Thelathini na mbili, ishirini na sita, niliandika kila saa. Kisha akaanza kuhema kwa mdomo wazi, na mapovu. Daktari alimchoma sindano. Nilimuuliza kama kosa ni langu. Akauliza, "Kwa nini uliuacha wazi?" Nikamwambia kwetu hafungwi. Akasema, "Kwenu hakugandi."

Alikufa tarehe ishirini na moja, mchana, nikimsomea gazeti.

Nilimvisha kitambaa cheupe, foronya mpya. Ardhi ilikuwa ngumu, jembe linaruka, nikamweka kwenye roshani siku tano mpaka ikalainika. Kisha nikampeleka kwenye kile kipande changu cha bustani kando ya reli. Odile, mwenye kipande cha jirani, alikuwa pale kufukuza kunguru.

"Dossou, mwezi wa pili unapanda nini, mzee mjinga?"

"Namzika baba."

Alilitazama furushi lile jeupe. Najua ulimi wake, nikangoja tusi. Alivua kofia yake ya sufu, akaifunga kiunoni, akanipokonya jembe. "Na hilo goti lako utafika wapi," akasema. Alichimba yeye. Maneno ya maziko nilisema mimi, yote, kwa lugha yetu, kwa sauti. Kabla ya hapo sikuwahi kuyasema hivyo. Baba alipofariki niliyanong'ona kwenye karakana ya vitabu, mashine zikiwaka, bila mwili wa kuuambia.

Usijilaumu. Mlango niliuondoa mimi, na karatasi ya Gaël nilikuwa nimeisoma.

Kila Jumapili nakwenda. Namwaga maji, nang'oa magugu, Odile ananisema vibaya. Ulinieleza wazee wanavyosema, aliyezika ndiye mwenye nyumba. Ya huko ni yako, uliipata kwa haki. Mpe mtu kile chumba cheupe, mjukuu akioa, au Zinhoué akichoka na wanawe. Usikae nacho kitupu.

Sanduku la kadibodi nimelirudisha juu ya kabati. Sitarudi.

Kaka yako,
Dossou