Tumbo la Wakhungu na Langu

Jumatatu, 9 Juni 2003

Wakhungu ametoka hospitali Kajiado leo. Wamempasua henia, ngiri ya kinena. Wapangaji wote wa ploti wamejaa kwake kama kuna harusi. Jirani wa mlango wa pili tu, mbeba nyama kama mimi pale kichinjio cha Kitengela — sasa amekuwa mheshimiwa! Naliaka, bibi yangu wa ndoa, amempelekea uji wa wimbi na chupa yetu mpya ya chai. Chupa ambayo mimi nanyimwa. Nimeuliza, akasema mgonjwa ni mgonjwa.

Mgonjwa! Mimi niko na yangu tangu mvua ya El Niño. Kinenani, upande wa kulia. Kama yai la bata. Nikisimama inatoka, nikilala inarudi kwake polepole. Nimewahi kuitangaza? Naliaka nilimwambia ni misuli ya kazi.

Jumatano, 11 Juni

Nimeenda kumwona, wasije wakasema. Yuko kitandani, mto mgongoni, anafundisha watu. Ati ukuta wa tumbo si nyama tu. Kuna ngozi, mafuta, halafu misuli mapande matatu yamelaliana, nyuzi za hii zinaenda huku, za ile kule, kama plaiwudi. Ndani kabisa, utando mwembamba. Lakini chini kwa kinena Mungu ameacha kanjia, kamba ya pumbu ipite. Mtoto mvulana akiwa bado kwa mamake, pumbu zinashukia hapo. Basi hapo ukuta ni mwepesi. Ukibeba mzigo mzito, utumbo unasukuma, unachungulia.

Kila mtu — ala! Hata Kisemei, mwenye ng'ombe, mzee mzima, ametikisa kichwa.

Nani hajui hayo? Mimi nilifungua matumbo Wakhungu akinyonya! Kule Ewuaso Kedong nilichuna fahali akitembea, akashtukia mtoni kwamba hana ngozi. Nikawaambia. Naliaka akacheka ile ya kunicheka.

Wakhungu akaongeza: ikitoka ikawa ngumu, ikakataa kurudi, ukaanza kutapika, usingoje, utumbo umenyongwa, unaoza ukiwa hai. Akaniangalia mimi. Kwa nini mimi?

Jumamosi, 14 Juni

Kisemei amemchinjia Wakhungu beberu. Kupasua, mimi. Nikaita watu. Hii misuli, huu utando, na hapa kanjia kenyewe — nikaingiza kidole, kikatokea chini! Akina mama wakasogea. Nilikuwa nimewashika! Saa hiyo hiyo Wakhungu akashusha long'i, suruali yake, kidogo aonyeshe mshono. Wote kwake. Naliaka mbele. Nimebaki na kidole ndani ya mbuzi.

Basi. Jumatatu wataona mwanaume. Nimekata blada ya baiskeli, ule mpira wa ndani ya tairi. Nitakunja kitambaa juu ya lile yai, nizungushe blada kiunoni, nikaze vile tunakaza kreti za mkate kwa keria nyuma ya baiskeli. Mzigo ukifungwa hivyo hauanguki hata barabara ya Magadi. Wao wanashonwa. Mimi nafunga.

Jumatatu, 16 Juni

Nimebeba mapaja mawili ya fahali, moja kila bega! Kichinjio chote kimesimama. Kisemei akapiga kelele, Makokha wewe ni trakta! Nikawaambia wampelekee Wakhungu hiyo habari kitandani.

Mchana. Nimerudi nyumbani nikishika ukuta. Blada nimetoa. Haikuzuia. Yai limekuwa ngumi. Nimelala chali, miguu juu. Hairudi. Gumu kama kokoto. Nimetapika. Nimemwambia Naliaka ni mchuzi wa jana.

Baadaye. Naliaka ameenda kuita mtu. Nani? Wakhungu! Nimefunga komeo. Amekuja ameinama, anashika mshono, ananiita kwa dirisha kwa jina la binti yangu.

"Baba Nasike, imekuwa ngumu?"

Ngumu gani, nikasema.

"Nilikuona pale kichinjio ukiisukuma na kidole. Zamani. Nilinyamaza kwa heshima. Umetapika?"

Kidogo.

Akamwambia Naliaka asinipe hata maji, akimbie aite pikapu ya Kisemei. Akakimbia! Mimi nikimtuma chumvi ananiuliza kwani wewe huna miguu.

Pikapu iko nje. Ploti yote imetoka. Wakhungu anasema nimwegemee mpaka kwa gari. Yeye, na nyuzi zake bado! Nimewaambia wangoje, navaa viatu. Viatu niko navyo miguuni.

Kisemei anapiga honi. Naliaka anagonga, analia — Baba Nasike, usinifanye mjane kwa maringo. Kuandika kunanisaidia nisipige kelele. Maumivu yamefika kitovu. Nimetapika kijani.

Nimemuuliza Wakhungu kwa dirisha, yako ilikuwa kubwa aje. Akasema kama limau.

Limau!

Sasa nafungua. Daktari wa Kajiado ataona ya mwanaume. Naliaka asimame karibu asikie akisema. Nafungua — ngojeni — miguu imekataa. Komeo liko mbali. Nawaita, na sauti haitoki. Kalamu ina