Mshare wa Mama Ulioambiwa Haupo

Mama yangu,

Shikamoo. Baba naye mpe shikamoo yake akirudi kutoka kwenye kahawa. Goti lako linaendeleaje, linakuruhusu kushuka sokoni? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Ulaya inanitafuna masikio. Leo nina furaha kubwa.

Unaukumbuka mgomba wako wa mshare, ule uliokuja nao ulipoolewa, nikachukua chipukizi lake nilipopata kazi kwenye kituo hiki cha kuhifadhi mbegu za migomba? Tangu ugonjwa wa mnyauko ulipomaliza migomba yote ya shambani kwetu kihambani, umebaki huku tu, ndani ya chupa za maabara.

Basi msimamizi wetu akasema chupa zimejaa. Kompyuta itafute kila jina kwenye orodha na kulitolea lebo mpya. Chupa isiyo na lebo mpya itatupwa Ijumaa. Programu ya kutafuta niliiandika mimi mwenyewe. Ikapata migomba ya Uganda, ikapata ya Kameruni. Wako ikasema haupo! Na mimi nauona kwa macho yangu, mstari wa kwanza kabisa wa orodha. Nikaomba niiandikie chupa yake lebo kwa mkono.

"Lebo za mkono sipokei," akasema msimamizi. "Zimeshanichanganya mno."

Nusura nimjibu kwa Kichagga. Niliogopa, Mama. Ningekutazamaje?

Kumbe kosa ni heshima yangu. Nilikuweka wa kwanza kwenye orodha, kama wazee wanavyopewa kata ya kwanza ya pombe ya mbege. Lakini kompyuta ukiielekeza mstari wa kwanza, huanza kutafuta kwenye unaofuata. Ule wa kwanza huufikia mwishoni, ikishafika chini na kuzunguka kurudi juu. Nami nilikuwa nimeiamuru isimame ikifika chini! Nikaielekeza mstari wa mwisho, ili unaofuata, ikizunguka kurudi juu, uwe wako. Nikabonyeza.

Lebo ikatoka: Mshare! Niliruka, kiti kikaanguka, msimamizi akaja mbio akidhani nimeungua.

"Kwani huu ni wa nani?" akauliza.

"Wa mama yangu."

Akacheka sana. Kisha akasema miche ikikomaa niilete kwa mwenyewe, vibali atashughulikia yeye.

Msalimie dada na wanawe, na baba mdogo wa Himo. Mwambie nitahitaji pikapu yake, na asiijaze vitunguu siku hiyo. Baba asipande mahindi pale nyuma ya zizi. Achimbe mashimo, Mama. Tunakuja, mimi na mgomba wako.

Mwanao akupendaye,
Anaeli