Nani Kasema Mama ni Mzigo?

Laeken, Brussels

Dada yangu mpenzi Mwajuma,

Shikamoo yangu ikufikie kabla ya habari nyingine yoyote, na amani ya Mola iwe juu yako na juu ya Mama. Mimi ni mzima. Baridi imeanza kuniingia magotini, lakini naamka, napanda tramu, nafanya kazi, narudi. Nanyi je? Najua utajibu kama unavyojibu siku zote: "Sisi wazima, Mama hana neno, usitie wasiwasi." Nisamehe, Dada, jibu hilo nimeanza kulitilia shaka. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yako huiweka sauti ya juu ili Mama asikie, na Mama akisikia, wewe huwezi kusema. Barua hii anakuletea mke wa Mzee Kombo kwa mkono wake. Isome peke yako, uani au chooni, popote ambapo hutaitwa.

Nilikwisha kukueleza habari za Emine, mama wa Kituruki ninayekwenda kumsaidia kazi za nyumbani. Anamuuguza mama mkwe wake. Mume wa Emine, Orhan, ana duka la mboga, kwa hiyo mchana nyumba ni ya wanawake watatu: Emine, mimi, na bibi huyo, ambaye wote tunamwita Anne, maana kwa Kituruki hilo ndilo neno la mama. Anne amepatwa na maradhi ya kusahau, yale yale yanayomla Mama yetu polepole. Asubuhi ananiita mwizi. Anasema nimeiba tasbihi yake, na tasbihi imo shingoni mwake. Adhuhuri ananivuta kando, ananitia bonge la sukari mkononi na kunikonyeza nisimwambie mtu. Sijamchukia hata siku moja. Athumani wangu naye, siku zake za mwisho, alikuwa akiniuliza mke wake amekwenda wapi, na huku nimemshika mkono. Kofia yake bado imetundikwa nyuma ya mlango. Nikitoka huigusa.

Basi, mwezi uliopita akaja binti mmoja wa Kituruki aliyezaliwa huku huku, anaitwa Selin, anasoma chuo kikuu. Alisema anapima uchovu. Nami nilishangaa kama unavyoshangaa wewe. Homa hupimwa, sukari hupimwa. Uchovu nao unawekwa kwenye mizani? Akaeleza kwamba wakubwa wake wanataka kujua familia za Waturuki zinazouguza wazee wa namna hii zinaelemewa kiasi gani. Haziendi kuomba msaada, na ofisini wanadhani haziombi kwa sababu hazichoki.

"Nani amekutuma kwetu?" Orhan akamuuliza. Hata kiti hakumpa.

"Daktari wenu ndiye aliyeniunganisha nanyi, na mlikubali kwa simu."

"Mimi sikukubali."

"Nilikubali mimi," akasema Emine.

Orhan akamtazama mkewe. Halafu, Dada, akanitazama mimi.

Selin akapanga siku ya kurudi, akaaga. Kabla sijavua aproni, Orhan akanifuata jikoni. Yeye na mimi huzungumza Kifaransa cha kubangaiza.

"Abla," akaniambia, yaani dada, ndivyo wanavyoniita, "wewe una ofisi yako iliyokuleta hapa. Umeandika nini huko kuhusu sisi?"

"Nimeandika kwamba Anne ameoga na amekula."

"Basi?"

"Basi."

"Nyumba isiyosemwa haijiwi na waulizaji," akasema, akaondoka.

Siku iliyofuata hata Emine, ambaye tumekuwa tukicheka pamoja juu ya kila kitu, aliniuliza bila kuinua uso kutoka kwenye vitunguu: "Ni kweli hukuwaambia habari za ufunguo?"

Habari za ufunguo ni hizi. Wakati wa kiangazi Anne alitoka na ndara za bafuni, akaenda kukaa kituo cha tramu akisubiri gari la kwenda kijijini kwao. Alirudishwa na muuza maua. Tangu hapo Emine anafunga mlango wa nje kwa ufunguo na kuuficha ndani ya kopo la dengu. Majirani wamemjaza hofu. Wanamwambia kumfungia mtu mzima ni kosa, kwamba serikali ikijua itamchukua Anne na kumpeleka kwenye nyumba ya wazee ambako hakuna ajuaye hata kumuuliza kwa Kituruki kama ana kiu, na chakula chenyewe Mungu ndiye anayejua kina nyama gani. Kama ni kweli au uvumi, sijui. Najua Emine alikuwa haogopi kitu kingine duniani. Nami niliogopa kufukuzwa kwa jambo ambalo sikulisema.

Na usidhani mimi nilimwamini yule binti. Nilimwona alivyokipitishia macho kitasa, kisha chupa za dawa, kisha kapeti lililokunjwa ili Anne asijikwae. Athumani alipolazwa, alikuja mama mmoja mwenye tabasamu kuniuliza naendeleaje. Kila swali nilijibu "vizuri tu", kwa kuwa sikujua ni jibu gani lingenigeukia. Akanitakia moyo mkuu kwa Kifaransa chao, akaenda zake.

Siku ya Selin ikafika. Orhan alifunga duka mapema ili awepo. Anne alikuwa kwenye kiti chake dirishani, chai imeshamiminwa, mimi nasuuza vikombe vya ziada. Kituruki nakiokota kidogo, na palipobaki Emine alinielezea baadaye. Selin alikuwa akisoma swali kwenye kompyuta yake ndogo, na wewe unachagua: kamwe, mara chache, mara nyingi, au kila wakati.

Je, hukosa usingizi kwa ajili yake? "Kamwe," akasema Emine, na macho yake mekundu kama mtu aliyepuliza kuni mbichi. Je, huna nafasi ya kuonana na rafiki zako? Kamwe. Je, mgongo unauma? Kamwe. Nilijiambia, leo Emine ni malaika, hana mgongo.

"Je, huwa mnalazimika kufunga mlango?"

Sote watatu, Orhan, Emine na mimi, tuligeuka tukalitazama kopo la dengu. Selin naye akalitazama. Orhan akakohoa. Nikasema moyoni, tumekwisha.

Binti akaendelea, labda kwa kutuhurumia, akaruka kwenye swali lingine. Na hilo ndilo lililoichoma nyumba. "Je, unahisi mama mkwe wako ni mzigo kwako?"

Neno lao ni yük. Ni mzigo ule ule wa kubebwa mgongoni.

Orhan akasimama. "Mzigo? Nani kasema mama yangu ni mzigo?" Akanigeukia. "Ni wewe uliyewaambia hivyo?"

"Wallahi sijasema!"

"Kaka, ndivyo swali lilivyoandikwa," Selin akasema.

"Lifute! Mzigo ni gunia la viazi. Huyu amenizaa!"

Hapo ndipo tuliposikia sauti kutoka dirishani. "Mizigo? Mizigo iko wapi? Gari limefika?"

Anne alikuwa ameshainuka. Alikuja Ubelgiji akiwa bibi harusi, kwa basi, safari ya siku nyingi, na neno lile lilimrudisha kwenye basi hilo. Akaivuta mito ya kochi, akaanza kuifunga ndani ya shali yake. Akaishika ncha ya kitambaa cha meza. Selin akawahi kuinua kompyuta kwa mkono mmoja na birika kwa mwingine.

"Anne, kaa, hakuna safari," Orhan akamwambia.

"Kelele! Mwanamume mzima, umesimama tu. Shika hiki."

Na Orhan akashika. Ungemwona, Dada, mtu wa masharubu yale, amekumbatia mto wa maua. Mimi nilitiwa blanketi, na safari hii sikuitwa mwizi. Kisha Anne akamfikia Emine, aliyekuwa na kapu la nguo za kukunja mapajani na taulo begani. Akamtazama kwa muda. Siku hizi hamjui. Humwita yule mwanamke. Akaliondoa taulo begani mwake.

"Binti yangu," akasema, "umebeba yote peke yako tangu kule? Tua. Tua kidogo, wapo wengine, watashika."

Emine akafunika uso kwa nguo zile, akalia mabega yakitikisika. Anne akawa anamkanda mgongo huku akimuuliza Selin gari linaondoka lini.

"Baada ya chai, bibi," Selin akamjibu.

Emine alipoinua uso akamwambia, "Anza upya. Usiandike kwamba yeye ni mzigo. Andika kwamba mimi nimechoka."

"Mara chache, au..."

"Kila wakati."

Orhan aliuweka mto chini, akatia mkono kwenye kopo la dengu, akautoa ufunguo na kuuweka mezani mbele ya binti, dengu zikidondoka. "Na hili liandike," akasema. "Lakini andika na sababu yake."

Sikudanganyi kwamba mambo yamenyooka. Selin amewaelekeza mahali ambapo wazee hukaa mchana na kuna wahudumu wa Kituruki. Orhan amesema atakwenda kwanza kuonja chakula chao. Majibu yetu yatafika wapi, sijui, na kuamini kabisa bado sijaamini. Ila sasa Emine akiulizwa na majirani hali yake, haanzi tena na hali ya Anne.

Ndani ya tramu nilikuwa nakufikiria wewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na simu inaufanya uwe mwepesi zaidi. Unakumbuka tulipokuwa tukitoka sokoni, Mama alikuwa akitusimamia mlangoni? Hakuuliza bei ya dagaa wala tumechelewa wapi. Alinyoosha mikono kwanza akakutua kapu kichwani, ndipo akauliza.

Sasa nakuuliza, wala sitaki "hatujambo". Unalala? Anakuita mwizi? Nani anamshika Mama wewe ukioga? Siku ile ulipokata simu ghafla nilisikia sufuria likianguka na mtu akipiga kelele. Ukasema ni paka. Dada, nyumbani kwetu hakuna paka.

Nimekwisha omba likizo, wamenikubalia, nakuja kabla ya Ramadhani. Wewe utakwenda Korogwe kwa shangazi, ukalale mpaka usingizi wenyewe ukufukuze. Usiniambie Mama hatakubali. Ataniita mwizi, nimeshazoea.

Nisalimie mjomba Salehe, fundi wetu wa cherehani, na jirani Bi Tatu anayekusaidia maji. Mpwa wangu Rukia mwambie asome. Mama mpe shikamoo yangu sikioni, na akikuuliza Mwanaidi ni nani, mwambie ni yule aliyekuwa akigombea ukoko wa wali.

Na siku nikifika, najua utatoka mbio mlangoni kunipokea begi, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Usiliguse. Safari hii mimi ndiye ninayekuja kukupokea.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi